"Ni Uzee Tu": Sentensi Iliyowalaza Wazee Kitandani

Kuna sentensi moja fupi ambayo karibu kila aliyewahi kumpeleka mzee hospitali ameisikia: "Ni uzee tu." Magoti yanauma? Ni uzee. Haoni vizuri? Uzee huo. Anasahau jina la mjukuu, anaanguka njiani kwenda chooni, hali, halali, mkojo unamponyoka? Sasa wewe ulitaka aweje, na miaka yote hiyo? Sentensi hii husemwa na daktari, na muuza duka la dawa, na mtoto wa mzee, na mara nyingi na mzee mwenyewe. Husemwa kwa upole. Na ikishasemwa, mazungumzo yamekwisha.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma historia ya tiba ya wazee, kwanza kwa sababu ya makala ya gazeti, halafu kwa hamu tu. Kilichonishangaza ni kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo ni ubishi na sentensi hiyo moja. Dawa mpya na mashine zimo, lakini si kiini chake. Kiini ni watu wachache waliouliza: sawa, ni uzee, lakini ndani ya huo uzee mna nini? Na kila aliyefunua akatazama alikuta jambo lilelile. Hakukuta ugonjwa mmoja. Alikuta magonjwa matatu, manne, saba, yameshikana ndani ya mwili mmoja, kila moja likimtegemea mwenzake. Na baadhi yake yalikuwa yanatibika.

Insha hii ni juu ya watu hao, na juu ya gharama ya kutouliza.

Paris: mji wa wanawake waliosahaulika

Hospitali ya Salpêtrière ya Paris ina jina la ajabu. Limetokana na chumvi ya kutengenezea baruti, maana hiyo ndiyo kazi iliyofanyika pale kabla Mfalme Louis wa 14 hajaagiza, mwaka 1656, pawe mahali pa kuwakusanyia maskini wa jiji. Kufikia karne ya 19 palikuwa kama mji ndani ya mji: maelfu ya wanawake, wengi wao wazee wasio na kwao, wenye kifafa, waliopooza, waliovurugikiwa akili. Hakuna aliyewatarajia watoke.

Mwaka 1862 alikuja kufanya kazi hapo daktari Jean-Martin Charcot. Wasomaji wa fasihi wanamjua zaidi kwa mambo ya baadaye, yale maonyesho yake ya wagonjwa wa histeria yaliyomvuta kijana Sigmund Freud kutoka Vienna. Lakini kabla ya histeria Charcot alikuwa mtu wa wazee. Alikuwa na kitu ambacho daktari wa mtaani hakuwa nacho: wazee wengi, mahali pamoja, kwa miaka. Aliwafuatilia wakiwa hai, na walipokufa miili yao ilipasuliwa ili aone alichokuwa akikikisia. Mihadhara yake juu ya magonjwa ya wazee ilianza kuchapishwa mwaka 1867.

Jambo moja alilofundisha linawanasa madaktari hadi leo. Mwili wa mzee haupigi kelele. Kijana akipata nimonia, mwili mzima unalipuka: homa, kikohozi, kifua kinabana. Mzee anaweza kuwa na nimonia hiyohiyo bila homa ya kutisha na bila kikohozi cha maana. Kinachoonekana ni kwamba leo amekataa uji, au anaongea maneno yasiyoungana. Kila kiungo chake kinaumwa kivyake, kimyakimya, vingine havina habari. Anayesubiri dalili kubwa atasubiri hadi mazishini.

Ona sasa tatizo lilipo. "Amekataa uji" na "anaongea maneno yasiyoungana" ndivyo vitu hasa ambavyo sisi tunaviita uzee. Yaani dalili pekee ambayo mwili umeweza kuitoa ndiyo tunayoitumia kujiambia kwamba hakuna ugonjwa.

New York: anayetafuta jina

Ignatz Nascher alizaliwa Vienna mwaka 1863 na kukulia New York. Kuna kisa kinachosimuliwa kila anapotajwa. Akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alitembelea nyumba ya maskini pamoja na mwalimu wake. Bibi mmoja akajikongoja hadi kwa mwalimu, akaeleza shida yake. Wanafunzi wakataka kujua anaumwa nini. Mwalimu akajibu kwamba anaumwa uzee. Na tiba yake? Hakuna.

Jibu hilo lilimkaa Nascher rohoni. Mwaka 1909, akiandika katika jarida la madaktari la New York, alipendekeza neno jipya. Alichukua maneno ya Kigiriki, geras, yaani uzee, na iatrikos, yaani ya tabibu, akaunda jina la fani ambayo haikuwapo: jeriatriki, tiba ya wazee. Mwaka 1914 akatoa kitabu kizima juu yake.

Hoja yake ilikuwa rahisi. Mtoto si mtu mzima mdogo. Mwili wake una kanuni zake, ndiyo maana kuna madaktari wa watoto. Vivyo hivyo mzee si mtu mzima aliyeharibika. Uzee ni hatua ya maisha yenye kawaida zake, na ugonjwa unaomwingia mtu katika hatua hiyo ni ugonjwa, una haki ya kuitwa jina lake na kutibiwa. Kazi ya daktari ni kutenganisha vitu viwili: hili ni badiliko la miaka, lile ni maradhi.

Nascher alisema pia jambo ambalo wengi hawakutaka kulisikia. Alisema madaktari huwapuuza wazee kwa sababu jamii inawaona hawazalishi tena. Mtoto akipona, ana miaka 60 ya kufanya kazi mbele yake. Mzee akipona, atafanya nini? Hesabu hiyo haitamkwi wodini, lakini inafanyika. Sisi tunaotamba kwamba penye wazee haliharibiki neno, na tujiulize kama hatuifanyi. Familia yenye shilingi za matibabu ya mtu mmoja, na wagonjwa wawili ndani, mtoto na babu, huifanya bila hata kukaa kikao.

Neno lilipatikana, lakini neno peke yake halimwinui mtu kitandani. Kazi hiyo ilimsubiri mtu mwingine, ng'ambo ya bahari.

Isleworth: watu 714

Ili kumwelewa Marjory Warren inabidi kwanza kuelewa nyumba za maskini za Uingereza. Sheria ya mwaka 1834 ilisema, kwa ufupi, kwamba asiye na uwezo atasaidiwa ndani ya nyumba hizo, na maisha ya humo lazima yawe mabaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje, ili mtu asiende kwa kupenda. Miaka ikaenda. Wenye nguvu wakapata njia nyingine. Waliobaki humo, mmoja baada ya mwingine, wakawa wazee na wagonjwa wa muda mrefu. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kumwadhibu mvivu ikawa ndiyo hospitali ya mtu aliyepooza.

Warren, aliyezaliwa mwaka 1897, alikuwa daktari aliyependa upasuaji. Mwaka 1935 hospitali yake ya West Middlesex, huko Isleworth, magharibi mwa London, ilikabidhiwa nyumba ya maskini iliyokuwa jirani. Ndani yake kulikuwa na wagonjwa 714, nao wakawa chini ya uangalizi wake.

Alichokifanya kwanza hakikuhitaji kifaa chochote. Aliwapima. Mmoja mmoja, kitanda kwa kitanda, kama vile ndiyo kwanza wamefika asubuhi hiyo. Wengi walikuwa hawajapimwa hivyo kwa miaka; walikuwa wameandikwa "sugu" siku moja, na neno hilo likawatosha waliokuja baadaye. Kumbe humo ndani walichanganyika watu wa kila aina. Kuna wasiostahili kuwa hospitali kabisa. Kuna waliopata kiharusi, wakalazwa, na hakuna aliyewahi kuwasaidia kusimama tena. Kuna waliochanganyikiwa kweli, na wengine waliochanganyikiwa kwa sababu ya kukaa miaka wakitazama dari.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo ulipo ufunguo wa mambo yote. Chukua mama wa miaka 74. Anapata kiharusi, upande wa kulia unakufa ganzi. Analazwa apumzike. Baada ya wiki chache, misuli aliyokuwa nayo imepungua na goti limejikunja, halinyooki. Kwa kuwa hawezi kwenda chooni, anajikojolea. Kwa kuwa amelala kwenye unyevu bila kugeuzwa, anapata vidonda vya kitandani. Kidonda kinaingiza vijidudu, vijidudu vinaleta homa ya chinichini, na homa inamvuruga akili. Sasa hali vizuri, na asiyekula vidonda vyake haviponi. Ukija kumwona baada ya miaka miwili utamkuta mwanamke aliyejikunja, ananuka mkojo, haongei la maana. Utasema nini? Ni uzee tu. Kumbe uzee ulileta jambo moja, kiharusi. Mengine yote yameletwa na kitanda.

Warren alianza kuukata mnyororo huo pete moja moja. Aliwagawa wagonjwa kulingana na hali zao, asiye na tatizo la akili asilale katikati ya wanaopiga kelele usiku kucha. Wodi zikapakwa rangi za kung'aa, taa zikaboreshwa. Watu wakainuliwa, wakafundishwa upya kutembea, kuvaa, kula kwa mkono wao. Muuguzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ofisa wa ustawi wa jamii na daktari wakakaa meza moja wakiongea juu ya mgonjwa mmoja. Wengi waliinuka. Baadhi walirudi makwao, na vitanda vilivyohitajika vikapungua sana. Aliyaandika haya katika majarida makubwa ya madaktari mwaka 1943 na 1946, akidai kwamba wazee wagonjwa watibiwe ndani ya hospitali kuu, na wanafunzi wa udaktari wafundishwe kazi hiyo.

Mwaka 1947 daktari mwingine wa London, Richard Asher, aliandika makala fupi ya kuchekesha na kutisha juu ya hatari za kulala kitandani. Alipita kiungo kwa kiungo, mapafu, mishipa, mifupa, tumbo, akili, akionyesha kitanda kinavyokiharibu kila kimoja, na akatia na ubeti wa utani ulioigiza wimbo wa kanisani. Ni moja ya makala chache za kitabibu ambazo mpenda fasihi anaweza kuzisoma kwa raha. Ujumbe wake ulikuwa ule wa Warren: mwinue mtu huyo. Mwaka uliofuata Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya taifa, na tiba ya wazee ikaingia humo kama fani kamili. Warren alifariki mwaka 1960 katika ajali ya gari, akiwa safarini Ulaya bara.

Glasgow: majitu manne

Aliyefuata alikuwa msimuliaji. Bernard Isaacs alifanya kazi Glasgow, Uskoti, kabla ya kuwa profesa Birmingham. Alikuwa na tatizo ambalo waandishi wanalijua: namna ya kueleza jambo lenye sehemu nyingi mno. Mzee mwenye moyo dhaifu, kisukari, mtoto wa jicho na maumivu ya viungo haji hospitali akisema hayo. Anakuja, au analetwa, na shida moja kati ya nne. Hatembei. Anaanguka. Hawezi kuzuia mkojo. Amechanganyikiwa.

Isaacs akayaita majitu ya tiba ya wazee. Kila jitu lina sifa zilezile: halina chanzo kimoja, halimwui mtu haraka, halina tiba ya mkato, na linamnyang'anya mtu uwezo wa kujitegemea. Chukua kuanguka. Macho yana ukungu, kwa hiyo hakuona kizingiti. Miguu ina ganzi ya kisukari, kwa hiyo hakukihisi. Dawa ya presha imeshusha damu alipoinuka ghafla. Misuli imepungua, kwa hiyo hakuweza kujishika. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho peke yake kingemwangusha. Vinne pamoja vimemvunja nyonga. Daktari wa macho akimwona atasema macho si mabaya sana. Wa kisukari atasema sukari si mbaya sana. Kila mmoja anasema kweli, na mzee yuko chini.

Mwaka 1972 Isaacs na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wazee wa mitaa ya mashariki ya Glasgow, mitaa ya watu wa kipato cha chini. Wakati ule magazeti yalipenda kusema kwamba familia za kisasa zimewatupa wazee wao. Walipoingia majumbani walikuta kitu tofauti. Walikuta mabinti, nao wameanza kuzeeka, wamechoka hadi kwisha, wakimgeuza mama usiku, wakifua mashuka kila siku, wengine wakiwa wameacha kazi. Wazee wengi walifika hospitali pale mlezi wao alipovunjika. Mzee hakuwa ametupwa. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko mabega yaliyoubeba.

Ukitaka kujua matokeo ya magonjwa mengi ya uzeeni, usiishie kwa mgonjwa. Mtazame na anayelala chumba kimoja naye.

Dawa kumi na mbili, mfuko mmoja

Kufikia mwaka 1970 mtaalamu wa Marekani Alvan Feinstein alikuwa ameligeuza wazo hili kuwa istilahi. Alisema utafiti unaomchunguza mgonjwa wa kisukari kana kwamba hana kingine chochote unajidanganya, kwa sababu ugonjwa wa pili hubadilisha safari nzima ya ule wa kwanza. Neno lake lilienea. Lakini hospitali ziliendelea kujengwa kwa viungo: jengo la moyo, jengo la figo, jengo la mifupa.

Mwaka 2005 Cynthia Boyd wa Johns Hopkins na wenzake walifanya jaribio ambalo napenda kuliita hadithi fupi, maana mhusika wake ni wa kubuni. Walimbuni bibi wa miaka 79 mwenye magonjwa matano ya kawaida: presha, kisukari, maumivu ya viungo, mifupa iliyolegea na ugonjwa sugu wa mapafu. Kisha wakachukua miongozo rasmi ya kila ugonjwa na kuifuata yote, kwa utii. Bibi akaishia na dawa 12, na gharama ya dola 406 kwa mwezi, pamoja na orodha ndefu ya masharti ya chakula na mazoezi ambayo mengine yaligongana. Hakuna daktari mzembe katika hadithi hiyo. Kila mmoja alifuata kitabu chake. Kitabu ambacho hakikuwapo ni kile cha bibi mwenyewe.

Nami niliwahi kumwaga juu ya meza mfuko wa rambo wa bibi yangu mzaa mama. Paketi za kliniki ya presha, paketi za kliniki nyingine ya miguu, vidonge alivyogawiwa na jirani, na dawa mbili zenye majina tofauti nje na ileile moja ndani. Hakuna hata mmoja wa waliomwandikia aliyekuwa ameuona mfuko wote. Alikuwa akizipanga kwa rangi, asubuhi nyeupe, jioni za njano, na alijivunia kwamba hajaruka hata siku moja.

Wataalamu wamelieleza vizuri jinsi mfuko wa namna hiyo unavyojizalisha. Mzee anameza dawa kali ya maumivu ya goti. Dawa hiyo huweza kupandisha presha. Anaongezewa dawa ya presha, na baadhi ya hizo huvimbisha miguu. Kwa uvimbe anapewa dawa ya kukojoa. Usiku anaamka mara nne kwenda chooni, gizani, na mara ya nne anaanguka. Ukiuliza kilichomvunja nyonga, utaambiwa uzee. Lakini ukirudi nyuma hatua kwa hatua, utafika kwenye kidonge cha goti.

Na tusidhani mambo haya yanawapata wazee wote sawasawa. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni 1.7 wa Uskoti. Wanaoishi mitaa ya maskini zaidi walianza kuwa na magonjwa mengi kwa pamoja miaka 10 hadi 15 mapema kuliko wanaoishi mitaa ya wenye nazo. Yaani mtu wa miaka 50 huku ana mwili wa mtu wa 60 na zaidi kule. Kumbe hata ule uzee tunaousingizia hausambazwi na kalenda peke yake. Unasambazwa na mshahara, chakula, moshi na aina ya kazi.

Na huku kwetu

Tanzania inamhesabu mtu kuwa mzee akifikisha miaka 60. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, na matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza yamekuwa ahadi ya serikali kwa miaka. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee, na hilo ni jambo jema. Kumtoa bibi kwenye foleni ya saa nne si kitu kidogo. Lakini ukishapita dirishani, mbele yako ni ileile hospitali ya viungo. Presha ina siku yake. Kisukari kina siku yake. Macho hadi wageni waje. Mzee mwenye vyote vitatu ana safari tatu, nauli tatu, na mjukuu anayekosa shule au kibarua mara tatu.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti wamefanya kazi kwa miaka mingi wakipita nyumba kwa nyumba. Miongoni mwa wenye miaka 70 na zaidi, karibu 7 kati ya 10 walikutwa na shinikizo la juu la damu, na ni wachache mno ambao lilikuwa limedhibitiwa. Utafiti mwingine wa hukohuko, uliochapishwa mwaka 2013, uliwafikia wazee 1,198 na kukadiria kwamba asilimia 6.4 wana dimenshia. Zingatia uhusiano wa mambo haya mawili: presha isiyotibiwa huleta kiharusi, na kiharusi, hata kidogo kisichoonekana, hudhoofisha akili. Watafiti walipozungumza na familia juu ya dimenshia, wengi waliiona kuwa sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Wengine waliitilia shaka ya uchawi au laana.

Hapo sentensi yetu inamkuta dada yake. Kwa miongo kadhaa, hasa Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yametajwa tena na tena kuwa ushahidi. Macho mekundu ya mwanamke aliyepika kwa kuni na samadi, katika jiko lisilo na dirisha, kwa miaka 50. Mweke pamoja: macho yaliyoungua kwa moshi, akili inayosahau, kutembea usiku bila kujua aendako, kuongea peke yake, ujane, na shamba ambalo ndugu wa marehemu wanalitaka. Daktari angesoma hapo magonjwa matatu. Kijiji kimesoma mchawi. Ukishindwa kuuita ugonjwa kwa jina lake, mtu mwingine ataupa jina jingine.

Jambo la kutia moyo linatoka Zanzibar. Tangu Aprili 2016 kila mkaazi aliyefikisha miaka 70 ana haki ya pensheni ya serikali, awe alikuwa karani, mvuvi au mama wa nyumbani. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni pesa ndogo, lakini nauli ya kliniki imo, na samaki wa siku mbili tatu. Ukikumbuka matokeo ya Uskoti, utaona kwamba pensheni nayo ni aina ya dawa, tena haigongani na nyingine.

Cha kuuliza

Simaanishi kwamba kila kitu kinatibika. Nascher hakusema hivyo, wala Warren. Kuna wagonjwa wa Isleworth ambao hawakuinuka, na walibaki kutunzwa hapo hadi mwisho. Miaka inachukua chake. Jungu kuu halikosi ukoko, lakini nalo hupasuka siku yake. Kosa si kusema "uzee". Kosa ni ile "tu".

Basi, mzee wenu akibadilika, kabla ya kusema lolote, ulizeni mambo ambayo watu wa insha hii waliyauliza. Badiliko hili limeanza lini? Maana uzee hauji kwa wiki moja. Aliyekuwa akiongea vizuri Jumapili na Alhamisi haeleweki, huyo ni mgonjwa, apelekwe. Anameza nini? Mfuko wote uende hospitali, pamoja na mitishamba na vya jirani, na aombwe daktari mmoja aupitie mwanzo hadi mwisho. Msimwachishe dawa wenyewe. Anaona, anasikia, ana meno ya kutafunia? Anaogopa nini zaidi? Kwa wengi si kifo. Ni kushindwa kwenda chooni mwenyewe. Na yule anayemtunza, yeye amelala saa ngapi jana?

Majibu yake huwa marefu, na yanachosha, na foleni nyuma inanung'unika. Ndiyo maana ile sentensi fupi inapendwa. Lakini wale watu 714 walikuwa wamelazwa na sentensi fupi, na walioinuka waliinuka kwa sababu kuna mtu alivuta kiti akaanza kuuliza.